Kidani cha Uzi na Kamusi Isiyokijua

Kila mwaka ifikapo tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mnamo 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kumbi za vyuo vikuu hujaa wanafunzi waliojipamba. Hotuba hutolewa, mashairi hughaniwa, na utajiri wa lugha husifiwa hadi sauti zikakauka. Masikioni na shingoni mwa wasikilizaji huning'inia hereni za katani iliyotiwa rangi, vidani vya uzi uliosokotwa kwa mkono, bangili zilizoviringishiwa nyuzi nyekundu na za manjano. Mmoja wao akiulizwa pambo alilolivaa linaitwaje, atasema "hereni", kisha atanyamaza. Akiulizwa limesukwa vipi, nyuzi zake ni za mmea gani, na rangi ile imepatikanaje, atakimbilia Kiingereza. Hapo mtetezi wa Kiswahili huwa amevaa kitu asichoweza kukieleza kwa Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo. Makala haya yanashikilia kwamba si dogo hata kidogo, na kwamba anayelipia pengo hilo si mwanaleksikografia wala mhadhiri, bali ni mwanamke aliyekaa chini akaunyoosha mguu na kuusokota uzi huo.

Mikinduri ni mahali panapofaa kuanzia. Ni mji mdogo wa Tigania Mashariki, katika kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene. Sehemu za juu za nchi hiyo zina chai, kahawa na miraa. Kadiri ardhi inavyoteremka kuelekea Tharaka, joto huzidi, mvua hupungua, na mimea inayostahimili ukame, mkonge ukiwamo, hupata nafasi yake. Jina la mji lenyewe linafanana na wingi wa mukinduri, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Croton megalocarpus. Msomaji wa pwani asije akauchanganya na mkindu, ule utoao ukindu wa kusukia mikeka. Hii ni miti miwili isiyo na undugu, japo mpenzi wa etimolojia za haraka angeweza kushawishika kuioza.

Ufundi wa nyuzi si mgeni katika nchi hiyo. Kwa vizazi vingi wanawake wa Meru, Embu, Kikuyu na Ukambani wamesuka vyondo. Kabla ya mkonge kuenea, walitumia nyuzi za magome ya vichaka na, hasa Ukambani, za magome ya mbuyu. Mkonge wenyewe ni mhamiaji. Asili yake ni Meksiko, na uliingia Afrika Mashariki mwaka 1893, wakati Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida na 62 tu ikafika hai katika koloni la Wajerumani, karibu na Pangani. Kwa hiyo anayedai kwamba kidani cha katani si pambo la jadi kwa kuwa ni kipya, hana budi kukieleza kwanza kiondo cha katani, ambacho nacho kilikuwa kipya siku moja, na leo hakuna anayekihoji uraia wake.

Inafaa kazi yenyewe iangaliwe kwa karibu, maana wengi huisifu bila kuijua. Jani la mkonge hukwanguliwa hadi nyama yake ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Nyuzi huoshwa, huanikwa, huchambuliwa, kisha husokotwa. Msokotaji huweka vitita viwili vya nyuzi juu ya paja na kuvisukuma kwa kiganja. Kiganja kikienda mbele, kila kitita hujipinda peke yake; kikirudi nyuma, vitita viwili hukumbatiana na kuwa uzi mmoja usiofumuka. Uzi wa kiondo unaweza kuvumilia unene usiolingana. Uzi wa hereni hauvumilii, kwa sababu hereni hutazamwa kwa umbali wa mtu na anayezungumza naye, na kila kosa huonekana. Ufundi wa pambo na wa kiondo, hata hivyo, ni mmoja. Kiondo huanzia kitakoni, katikati, nyuzi zikatawanyika kama miale, kisha usukaji ukazunguka na kupanuka. Hereni ya duara ni mwanzo wa kiondo uliositishwa mapema. Mkono uliozoea kimoja hauhitaji shule mpya kwa kingine, ila macho makali zaidi na subira.

Kutia rangi ndiko kunakomtenga fundi na mwanagenzi. Sufu, kwa kuwa ni nywele za mnyama, hushika rangi ya mimea vyema ikitanguliziwa shabu. Katani na pamba hazikubali kwa urahisi huo. Zinahitaji kwanza kitu chenye tanini, kama vile majani ya chai au magome ya miti fulani, ndipo shabu ifanye kazi yake. Maganda ya vitunguu hutoa manjano inayoelekea rangi ya chungwa. Kokwa na maganda ya parachichi, kinyume cha anavyodhani mtu aliyezoea ukijani wa tunda hilo, hutoa waridi na hudhurungi. Majani ya chai hutoa kahawia, na kahawia hiyo ikitiwa maji yaliyolowekwa misumari yenye kutu hugeuka kijivu au nyeusi. Bizari ya manjano hung'aa kuliko zote, lakini ni kigeugeu: jua la majuma machache huipausha. Parachichi, vitunguu na chai si vitu vya kuagizwa ng'ambo kwa mtu wa Mikinduri. Ni masalia ya jikoni kwake.

Zipo pia rangi za unga za dukani, uzao wa kemia iliyoanza mwaka 1856 pale William Perkin alipogundua rangi ya zambarau katika maabara yake huko London. Rangi hizo ni nyepesi kutumia, hukoza upesi, na hazimlazimu mtu kuchemsha maganda tangu asubuhi. Kuzilaani ni unafiki wa mtu asiyewahi kukaa na moshi wa kuni machoni. Lakini rangi ya mmea ina tabia yake: sufuria ya leo haitoi kivuli kile kile cha sufuria ya jana. Mfanyabiashara anayetaka hereni mia moja zinazolingana huiita tabia hiyo kasoro na kukata bei. Mnunuzi wa mbali, aliyeelezwa vizuri, huiita upekee na kuongeza bei. Uzi ni ule ule. Kilichobadilika ni maelezo tu, na anayeyatoa maelezo hayo, kwa kawaida, si aliyeusokota uzi.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya mapambo: kidani, mkufu, kipuli, kikuku, furungu, kipini, kishaufu, jasi, timbi. Msomaji akiyachunguza majina hayo atagundua kwamba mengi yalizaliwa na ufundi wa sonara. Ni mapambo ya dhahabu, fedha na shaba, ya miji ya pwani na biashara ya bahari. Kiswahili kina vilevile hazina ya maneno ya nyuzi: uzi, ugwe, kamba, chane, ukili, usumba, utepe, na vitenzi vyake ni kusokota, kupota, kusuka, kushona, kufuma. Hazina hii ya pili ni ya mikeka, vikapu, makuti na majahazi. Ni ya vitu vya kukaliwa, kubebea na kufungia. Hazina hizi mbili zimeishi katika nyumba moja bila kusalimiana. Pambo la madini lilipewa jina la heshima. Kitu cha uzi kikapewa jina la kazi. Basi kilipotokea kitu ambacho ni pambo na ni uzi kwa wakati mmoja, lugha ilikosa pa kukiweka, ikakiacha mlangoni.

Haikosi kwa uwezo. Neno mkonge lilitumika kwa mimea ya mwituni yenye nyuzi kabla ya mmea wa Hindorf kufika; mgeni alipoingia, jina likapanuliwa likamfunika. Neno katani lina asili moja na kitani, nayo ni lile la Kiarabu lililohusu nguo ya kitani. Kiswahili kililipokea, kikalipeleka kwenye nyuzi za mkonge, na leo mkulima wa Tanga hafikirii Arabuni anapolitamka. Katika rangi ndiko Kiswahili kilikoonyesha ubunifu usio na kifani. Manjano ni bizari. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda. Kijani ni jani. Chungwa halihitaji maelezo. Lugha hii ilizitaja rangi kwa vitu vilivyomo jikoni na shambani, jambo analolifanya mtia rangi kila siku kwa sufuria yake. Tena inavyo vitenzi ambavyo mtia rangi angeviona kama vimetungwa kwa ajili yake: rangi hukoza, huchujuka majini, hupauka juani. Tofauti kati ya kuchujuka na kupauka ni somo zima la ufundi, na Kiswahili kimelifunga katika maneno mawili. Ajabu ni kwamba lugha yenye vitenzi hivyo haijakaa na watu wanaovihitaji.

Suala la jina si la urembo wa kamusi. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili jina la kikoi, kwa tahajia iliyobadilishwa kidogo tu, kuwa alama yake ya biashara. Ombi hilo lilizua kelele Kenya na Uingereza, likapingwa, na hatimaye halikufua dafu. Hoja dhidi yake ilikuwa rahisi kueleweka: kikoi ni jina la kawaida la nguo, linalotumiwa na kila mtu pwani, na halina mwenyewe. Na neno hilo limo katika kamusi. Limo katika kamusi ya Johnson ya 1939, vizazi viwili kabla ya ombi lenyewe. Mwanaleksikografia aliyeliandika hakujua kwamba siku moja ukurasa wake ungekuwa na uzito wa ushahidi. Sasa na iulizwe: kama mtu angetaka kesho kujimilikisha jina la kidani cha uzi kinachosukwa Meru au Embu, mpingaji angefungua kamusi gani, na katika ukurasa upi?

Haifai kutia chumvi. Kamusi si ngome. Kampuni ya Disney iliomba kusajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 1994 ikafanikiwa mwaka 2003, ingawa maneno hayo yalikuwa midomoni mwa watu Afrika Mashariki kabla ya filamu yao. Malalamiko yaliyokusanywa mtandaoni mwishoni mwa 2018 yalikuja baada ya ndege kuruka. Hata hivyo, kisa hicho hakipingi haja ya kuandika. Kinaonyesha tu kwamba walioandika wana nafasi, na wasioandika hawana hata hiyo.

Kiondo nacho kina funzo lake. Katika miaka ya 1980 kilikuwa mtindo Ulaya na Marekani, wasukaji wakapata soko ambalo mama zao hawakulifikiria. Kisha zikaja nakala za bei nafuu zilizotengenezwa Asia, na soko likawaponyoka. Baada ya hapo zikaenea habari, zikirudiwa hadi leo kwenye mikutano na magazetini, kwamba kiondo kilikwisha kusajiliwa ng'ambo na si cha Kenya tena. Ziwe za kweli au za kutiwa chumvi, wingi wa watu walioziamini unaonyesha hofu iliyoko. Lakini jina halikuibwa. Kiondo, neno la Bara, liliingia katika Kiswahili cha Kenya likapata ngeli yake ya KI-VI na wingi wake wa vyondo, na lilipopigwa marufuku mifuko ya plastiki nchini Kenya mnamo Agosti 2017, watu walijua la kuomba sokoni. Mnunuzi hakusema "mfuko wa nyuzi za mmea". Alisema kiondo, na msukaji akajua kinachotakiwa ni chake.

Mfano mwingine uko Nairobi, nao ni wa shanga za udongo na si za nyuzi. Karakana ya Kazuri ilianzishwa mwaka 1975 kwa wanawake wachache, na jina lake limezunguka dunia likiwa limebandikwa kwenye vidani. Walimu wa Kiswahili sanifu wana haki ya kutabasamu hapa. Kiambishi ka- cha udogo hakimo katika sanifu. Sanifu ingesema kizuri. Ka- hiyo imetoka kwa ndugu wa Bara, Kikuyu, Kikamba na Kimeru, ambako ka- na tu- ni ngeli kamili. Jina lililouza shanga ni Kiswahili kilichoazima kwa Bara kile ambacho usanifu ulikataa kukipokea. Je, kama wanawake wale wangengoja idhini ya kamati?

Hapo panaibuka pingamizi zito kuliko yote, na haifai kulikwepa. Mwanamke wa Mikinduri husokota kwa Kimeru. Majina ya nyuzi, ya mimea, ya hatua za kazi anayo tayari, kwa Kitigania chake, na hakumwomba mtu amtafsirie. Kiswahili kikija na daftari lake, je, si kingine tu kati ya madalali, kinachochukua neno kwa jirani, kulipaka sanifu, na kulitangaza kuwa lake? Pingamizi hili lina ukweli. Historia ya usanifishaji, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, ni historia ya kuchagua lahaja moja na kuziambia nyingine zingoje. Lahaja za pwani zenyewe zina malalamiko yake. Lugha za Bara zina zaidi.

Lakini jibu haliwezi kuwa kukaa kimya, kwa sababu kimya kimekwisha kujazwa na Kiingereza. Kibandiko kinachoning'inia kwenye hereni dukani Nairobi hakikuandikwa Kimeru wala Kiswahili. Msichana wa Mikinduri anayekwenda kuuza katika Soko la Maasai huacha majina ya mama yake njiani, akifika huko anajifunza upya kuiita kazi yake kwa maneno ya mnunuzi. Lugha ya taifa, kwa mujibu wa ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, ni Kiswahili, na ibara hiyo hiyo inaitaka dola iendeleze lugha za kiasili. Mambo hayo mawili hayagombani iwapo neno la Kimeru litaingia katika Kiswahili na asili yake ikatajwa, kama kamusi zinavyotaja Kiarabu na Kihindi bila haya. Ni jambo la kushangaza kwamba kamusi nyingi humweleza msomaji neno gani lilivuka Bahari ya Hindi, ila ni nadra kumweleza neno gani lilishuka kutoka Nyambene.

Sheria pia imefungua mlango ambao wanafunzi wa Kiswahili hawajaupita. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na matamko ya kitamaduni inazipa serikali za kaunti jukumu la kuyaandikisha maarifa hayo katika maeneo yao. Daftari hilo litaandikwa kwa lugha gani? Nani atalijaza? Karani asiyejua tofauti ya kusokota na kusuka ataandika "utengenezaji wa mapambo" na kufunga ukurasa, na ufundi wa vizazi utakuwa umelindwa kwa maneno matatu. Vyuo vikuu vya Meru, Chuka na Embu viko karibu na wasukaji hawa. Tasnifu kuhusu taswira ya mwanamke katika riwaya fulani zimejaa rafu za maktaba, na nyingine zaidi ziko njiani. Mwanamke mwenyewe, na sufuria yake ya maganda ya vitunguu, hajaulizwa kitu.

Kazi inayohitajika ni ya kawaida. Mwanafunzi aende na daftari, aketi, aombe ruhusa, aandike jina la kila hatua kama lilivyotamkwa, kisha ndipo atafute Kiswahili kina neno gani na kinakosa lipi. Pale ambapo Kiswahili kina neno lake, kama kupota au kukoza, alirudishe kazini. Pale kisipo nalo, aazime waziwazi. Asitunge neno ofisini halafu akaenda kumfundisha msukaji jina la kazi ya mikono yake. Na asiende mikono mitupu. Asubuhi moja ya maswali ni asubuhi moja ambayo paja halikusokota uzi, na anayeeleza hupoteza nyuzi za jozi kadhaa za hereni. Idara zinazotenga fedha za usafiri na chakula cha watafiti zinapaswa kutenga pia malipo ya asubuhi hiyo, na kuyaandika katika bajeti kwa jina lake, ujira wa mwalimu.